Sauti Iliyomwambia Akae

Ukimuuliza Khairiya nani aliyemlea, alikuwa akitaja watu wawili: marehemu mama yake, na Bi Mwanapili wa santuri. Wa kwanza alimfunza kusema, kuswali na kushona kofia. Wa pili hakuwahi kumtia machoni, lakini ndiye aliyemfunza kuwa mke. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na alikuwa akisema bila ya kucheka.

Miaka hiyo Chake Chake nzima ilimjua Bi Mwanapili. Alikuwa mwimbaji wa Unguja aliyevuka bahari mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa ndani ya santuri, na santuri zikarudi kwa meli kuuzwa madukani. Gulam, muuza nguo, alinunua kinanda cha kuzipigia, na mkewe Kulsum akawa anawaalika wanawake wenzake uani kwake kila Alhamisi baada ya alasiri. Waliingia kwa mlango wa nyuma na mabuibui yao, wakajipanga jamvini, Kulsum akazungusha mkono wa kinanda, na Bi Mwanapili akaanza. Masheikh walinung'unika misikitini kwamba sauti ya mwanamke haifai kusikilizwa na kila mtu. Wake zao walikuwa wamekaa jamvini mbele kabisa. Mitandio ilifungwa kama alivyofunga yeye kwenye picha iliyotundikwa dukani kwa Gulam. Vitoto vya kike vilipewa jina lake, hata ukiita Mwanapili mtaani Madungu usijue nani atakuitika.

Lakini Khairiya alikuwa na lake zaidi ya mtandio. Alipokuwa bado mke kijana, mumewe Mbarouk, seremala wa vitanda na milango, alikwenda Wete kufanya kazi ya msimu mmoja wa karafuu. Msimu ukaisha, hakurudi. Ukaja mwingine, ukaisha, hakurudi. Habari zilizorudi badala yake zilisema kuwa ana mwanamke huko. Khairiya alibaki na mama mkwe asiyemsemesha na mtoto aliyekuwa akinyonya. Siku moja asubuhi alifunga nguo zake, akambeba mtoto, akashika njia ya kwao. Njia hiyo ilipita ubavuni mwa duka la Gulam, na ndani kinanda kilikuwa kinalia. Hakuwa ameisikia nyimbo ile kabla:

*Aliyengoja kivuli, jua halikumuua,*
*Nami nimelihimili, hata wingu likatua.*

Sauti ilipofika kwenye neno la wingu ilikatika, kama ya mtu aliyekabwa na kilio. Khairiya alisimama pale mpaka santuri ikamalizika, kisha akageuka akarudi nyumbani kwa mumewe na nguo zake vilevile. Alihimili. Baada ya miezi Mbarouk akarudi, kimya, amekonda, akatengeneza mlango uliokuwa umelegea, na tangu siku ile hakutoka tena. Wakazaa watoto wengine. Ikawa ndoa ya kutolewa mfano, na Khairiya hakumficha mtu ni nani aliyeisimamisha. Kila msichana aliyekwenda kwake kulalamika juu ya mume alipewa mishororo ile miwili, na habari ya mwanamke aliyeiimba huku akilia kwa sababu aliyajua aliyokuwa akiyasema.

Aliyepewa zaidi ya wote alikuwa Kazija, binti wa kaka yake marehemu Mmanga. Kazija aliolewa kisiwani Kojani na mvuvi aitwaye Khatib, na ndoa ile aliipanga Khairiya mwenyewe, kwa kuwa mtoto hakuwa na baba. Khatib alikuwa akienda dago, kuvua mbali na kulala fukwe za watu kwa miezi, na akirudi alirudi na wivu. Kazija alikuwa akifika Madungu mara mojamoja, anazungumza kwa mafumbo, anakunywa chai, anaimbiwa, anarudi.

Sasa mwaka mmoja, karafuu zilipokuwa zimezaa vizuri na watu wana furaha, Sheikh Abrahman, mwenye mashamba, alimwoza binti yake, akasema harusi haitakuwa harusi bila ya Bi Mwanapili. Akaletwa kutoka Unguja na wapigaji wake wa udi, fidla na dumbaki. Nyumba ya harusi ilikuwa imejaa jamaa mpaka barazani, basi mama wa bibi harusi akamwomba Khairiya, ambaye nyumba yake ilisifika kwa usafi, ampokee mgeni alale kwake mpaka shughuli imalizike.

Khairiya alifua mashuka yaliyokuwa safi. Alitandaza mkeka mpya, akafukiza udi, akapika mkate wa kumimina ukamuungulia kwa kiherehere, akapika mwingine. Mbarouk alihamia kwa nduguye.

Mwanamke aliyeshuka kwenye gari alikuwa mfupi kuliko picha, mnene kiasi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa safari. Alimgombeza mpiga dumbaki mbele za watu kwa ajili ya mzigo uliolowa. Aliukataa mkate wa kumimina, akasema unamtia kiungulia, akaomba muhogo wa kuchemsha. Khairiya alimpikia muhogo, akajiambia kuwa mtu mkubwa ana haki ya kuchoka. Lakini usiku ule wa harusi Bi Mwanapili alipoimba, wanawake walilia, wakamtunza fedha, na Khairiya akamwona tena yule wa santuri, mzima mzima.

Asubuhi ya pili walikaa uani wawili tu. Khairiya alikuwa akishona kofia, mgeni akitafuna tambuu. Hapo ndipo Khairiya alipomwambia. Alianza na Wete, akaja kwenye nguo alizofunga, kwenye ubavu wa duka, kwenye neno la wingu. Alisema yote aliyokuwa ameyaweka miaka ile kumwambia, na mwisho wake akamshukuru.

Bi Mwanapili hakucheka wala hakujivuna. Aliacha kutafuna.

"Miye ndiye niliyekwambia ukae?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Sauti yako."

Mgeni akasema kwa upole kwamba maneno yale hayakuwa yake. Aliyeyatunga ni bwana mmoja wa Unguja, na bwana huyo alikuwa ameacha wake hata akachoka kuwataja. Yeye alipewa tu, akaimba. Na alipokuwa akiyaimba Bombay, alikuwa ametoka kwa mume wake wa pili si muda mrefu. Alirudisha mahari kwa mikono yake, akapewa talaka, akapanda meli. Baada ya huyo alimwacha mwingine, na sasa hakuwa na mume.

Khairiya aliichoma sindano kwenye kofia, akaiacha hapo.

"Lakini ulilia," alisema. "Sote tumekusikia. Kwenye wingu, ulilia."

"Nililia, kweli. Nilikuwa nimemwacha mwanangu kwa babaye, hataki kunipa. Nilipofika kwenye neno lile nikamkumbuka." Alitema tambuu pembeni. "Sauti ni yangu, Bi Khairiya. Maneno ni ya kuazima. Usitundike nyumba yako kwangu."

Kama kilio kilikuwa cha kweli, basi aliyoyasikia siku ile ubavuni mwa duka yalikuwa ya kweli. Na kama kilikuwa cha kweli lakini si cha subira, ni cha mwanamke aliyeondoka, basi yeye alisikia nini? Na mwanamke huyu, alikosea kuondoka au hakukosea? Alitaka kumkasirikia, akatafuta pa kuanzia asipaone. Aliinuka kwenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Wakati yumo jikoni, Kazija akabisha hodi. Alikuja kwa ajili ya harusi, na tangu afike alikuwa akingojea nafasi ya kumsalimu mgeni. Alivua viatu mlangoni, akaingia ameinama, akaushika mkono wa Bi Mwanapili akaubusu. Kanga yake ikarudi nyuma kidogo, na Khairiya, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akaona kifundo cha mkono kimevimba na kimegeuka rangi. Bi Mwanapili alikiona kabla yake.

"Mkono una nini, mwanangu?"

"Niliteleza kisimani."

Kazija akaharakisha kusema kwamba shangazi yake amemfunza nyimbo yake, kwamba anapokuwa na dhiki huiimba, na kwamba anahimili kama alivyohimili yeye. Alisema hayo huku uso wake umeng'aa kama wa mtu aliyefika hija.

Khairiya alimtazama mgeni, akingoja. Sasa atamwambia, alifikiri, na alipofikiri hivyo hakujua kama anaomba aseme au anaomba asiseme. Bi Mwanapili akamwekea Kazija mkono kichwani. "Mungu akuzidishie subira," alisema kwa sauti ileile ya santuri. Kazija akatoka pale analia kwa furaha.

Mlango ulipofungwa tu, Khairiya, ambaye hakuwa na desturi ya kumpandishia mgeni sauti, alimuuliza kwa nini. Mkono ameuona. Na ukweli ameutoa sasa hivi, palepale, na haujapoa.

"Yule alikuja kumwona Bi Mwanapili," alisema mgeni. Alionekana mzee ghafla. "Nimempa Bi Mwanapili. Kila nikendako wanakuja hivyohivyo, na ninalowapa ndilo hilo, kwa sababu ndilo walilolitaka. Weye ni shangazi yake. Weye mwambie."

Siku ya tatu yake mgeni aliondoka. Alimwachia Khairiya doti mpya ya kanga na chupa ya marashi, akamkumbatia kwa mapenzi ya kweli, na gari lilipowashwa akaanza tena kumgombeza mpiga dumbaki. Khairiya alisimama barabarani na kanga ile mkononi, hajui kama aivae au aifungie sandukuni.

Alimwambia Kazija kabla hajavuka kurudi Kojani. Alimkalisha chumbani akamweleza yote: waume, mahari, meli, mtoto. Alidhani msichana atashusha pumzi. Kazija alizidi kukunja uso. Alisema hayo ni maneno ya uani, mtu mkubwa hakosi wa kumzulia. Khairiya akamwambia kwamba ameyasikia kwa kinywa cha mwenyewe. Basi hata kama ni kweli, Kazija akasema, si ndiyo yanathibitisha nyimbo? Aliondoka, akamkosa mwanawe, na leo analala nyumba za watu. Na shangazi yeye alikaa, na mumewe akarudi.

"Miye nakutazama weye, shangazi," alisema. "Yeye nilimpenda kwa kuwa ulimpenda."

Akajitanda kanga, akaenda zake.

Neno lile lilimkaa Khairiya kifuani kama mwiba wa samaki. Alikwenda nalo sokoni, akarudi nalo. Mwishowe, jioni moja Mbarouk alipokuwa karakanani anapiga randa mguu wa kitanda, alimuuliza jambo ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza: kama asingemkuta nyumbani, angefanya nini? Na kilichomrudisha ni nini?

Mbarouk aliendelea kupiga randa hata Khairiya akadhani hakumsikia.

"Nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Yule wa Wete alinifukuza." Aliipuliza taka ya mbao. "Alinitolea vyombo vyangu nje. Sikuwa na pa kwenda. Sikujua hata kama upo. Nilipokukuta, nikasema Mungu ananipenda."

Khairiya alikaa juu ya gogo. Aliona kicheko kinamjia na machozi yanamjia, na vyote viwili vikakataa kutoka. Miaka yote ile alikuwa akiamini kwamba subira yake ndiyo kamba iliyomvuta mume kutoka Wete. Kumbe upande wa pili wa kamba hapakuwa na mtu. Mbarouk, alipoona yuko kimya, alisema kwa wasiwasi kwamba kurudi alirudi kwa kufukuzwa, lakini kukaa amekaa kwa ajili yake. Na hilo nalo lilikuwa kweli. Alijua kuwa ni kweli. Halikumsaidia kufungua fundo. Lilikaza tu mahali pengine.

Usingizi ulimpotea siku kadhaa. Kisha akamwambia Mbarouk waende Kojani. Mume hakuuliza mengi. Walipanda gari la mizigo mpaka karibu na pwani ya mashariki, wakavushwa kwa mtumbwi. Kwa desturi hawakwenda kwa Khatib moja kwa moja. Walikwenda kwa ami yake, Mzee Kificho, aliyekuwa mwenye kauli katika ukoo ule. Mzee aliwapokea kwa heshima, akawaletea madafu, akasikiliza. Khatib mwenyewe, aliyekuwa ametoka dago, aliitwa akaja akakaa pembeni ameinama, kijana mzuri wa sura, mikono imechanwa na mishipi. Hakukanusha. Alisema hasira humpanda, kisha hujuta.

Mzee Kificho aligeuka kwa Khairiya. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anauliza kwa dhati.

"Bi Khairiya, si weye uliyemfunza mtoto huyu subira? Siye hapa huwaambia wake zetu wakutazame weye. Leo unakuja kumtoa?"

Watu wote mle ndani walimtazama. Khairiya aliyatafuta maneno ya kumjibu mzee na aliyoyapata yalikuwa machache.

"Nilimfunza, mzee wangu. Sijui kama nilimfunza vyema. Lakini mkono nimeuona."

Kazija aliitwa atoke chumba cha ndani. Alipewa hiari mbele ya wote, kama inavyostahili. Badala ya kujibu akamuuliza shangazi yake, kwa sauti ndogo, kama yeye angekaa.

"Miye nilikaa," alisema Khairiya. "Na mume wangu huyu hapa. Lakini hakunipiga, na hakurudi kwa ajili ya kukaa kwangu, kanambia mwenyewe. Basi usinitazame miye, mwanangu. Sijui."

Mbarouk alikohoa, akatazama chini. Kazija aliingia ndani, akakawia, na watu wakaanza kunong'ona kwamba hatoki. Alipotoka alikuwa na nguo zake kwenye kanga, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda wala aliyeshindwa. Khatib alilia waziwazi. Mtumbwi ulipokuwa unavuka, Kazija naye alilia, na Khairiya, aliyemshika bega, hakuweza kusema analilia nini.

Miezi iliyofuata haikumwonyesha mtu njia. Mkono ulipona. Kuna siku Kazija aliamka mchangamfu, akashona kofia na shangazi yake, akala vizuri. Kuna siku alikaa akitazama ukuta, akasema Khatib sasa atakuwa dago, hana wa kumpikia, na pengine ingekuwa wingu limeshakaribia kutua. Siku moja alimlaumu Khairiya kwa kumchukua. Ya pili yake akamlaumu kwa kumwacha kule miaka yote ile kabla ya kumchukua. Khairiya alizipokea lawama zote mbili, akaona kila moja ina haki. Talaka ilipoletwa, Kazija aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuoga, asiseme neno siku nzima.

Alhamisi kwa Kulsum Khairiya hakwenda tena kwa muda. Kulsum alituma mtu kumuuliza kama kuna aliyemkosea. Alijibu kwamba hakuna, na ni kweli hakuna. Alimwazia Bi Mwanapili mara nyingi, bila ya chuki. Kuna wakati alimwona kama mwongo, na kuna wakati alimwona kama mtu pekee aliyewahi kumwambia kweli, na mara nyingine alimhurumia tu, kwa ule mtoto.

Habari ya Kojani, kwa kuwa Pemba si kubwa, ilikwishazunguka. Asubuhi moja kisimani, Khairiya alimkuta jirani yake Bimkubwa anamuonya binti yake aliyekuwa amegombana na mumewe. Bimkubwa alipomwona alifurahi. Alimwambia binti yake amtazame Bi Khairiya huyu, mume alipotea Wete misimu miwili, akahimili, na leo si hivyo unavyomwona? Khairiya alifungua mdomo aseme kwamba mambo hayakuwa vile. Lakini vile ndivyo yalivyokuwa: mume alipotea, alihimili, na leo yuko hivyo. Akaufunga mdomo, akateka maji.

Alipofika nyumbani na ndoo yake, alimkuta mwanamke kijana asiyemjua amekaa kizingitini, na kifurushi cha nguo magotini. Alisema anatoka kisiwa cha Fundo. Amesikia kwamba Madungu kuna Bi Khairiya aliyemtoa mtoto wa kaka yake kwa mume mbele ya wazee, hakuogopa mtu, na yeye naye akasema afuate mwendo ule. Basi amekuja amwambie la kufanya.

Khairiya alitua ndoo. Alitazama kile kifurushi, akatazama njia aliyotoka, ambako sauti ya Bimkubwa ilikuwa bado inasikika kwa mbali ikimsifu. Alimuuliza mgeni kama amekula, akajibiwa bado. Akamfungulia mlango, akamwekea mkeka, akamchemshia chai. Kisha akakaa mbele yake, akamwambia amhadithie habari za huyo mume tangu mwanzo, asiruke kitu. Yule mwanamke akaanza kusimulia, na Khairiya akasikiliza, bila ya kujua hata kidogo atamwambia nini akimaliza.